Maneno Tisa ya Umri

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu aliyekuja Jumatatu alikuja ili wenyeji waugue. Aliingia na mkoba mwembamba, viatu vyenye ncha kama mdomo wa birika, na saa ya mkononi iliyomhesabia mapigo ya moyo, kana kwamba moyo wake haukuaminika kupiga bila msimamizi. Kabla hajamaliza kusalimia alikuwa ameshatamka neno "asilimia" mara saba. Hadi chai ya saa nne ofisi nzima ilikuwa imeshampa jina: Bwana Asilimia.

"Nimeletwa kupima ufanisi," alisema, amesimama katikati ya chumba kama anayetaka kupigwa picha. "Nani anakimbia na kazi, nani anahitaji kupumzishwa. Msiogope, wapendwa. Takwimu hazina chuki."

"Wala akili," alinong'ona Bi Nukta kutoka meza ya dirishani.

Bi Nukta alikuwa na miaka hamsini na minane, na kati ya hiyo thelathini na mmoja ilikuwa ya kazi ileile. Mahakamani watu husema, mashine hurekodi. Kisha rekodi huletwa kwa wachapaji, nao huvaa hedifoni na kuandika kila neno lililotamkwa ili hakimu alisome kwa utulivu wake. Jina lake alipewa na vijana wa ofisi kwa sababu hakuvumilia ukurasa usio na nukta. "Mtu kasema, kanyamaza," alikuwa akiwafokea, "halafu wewe unamwendesha mpaka ukurasa wa pili bila pumzi? Mpe nukta apumzike, maskini!" Vijana walicheka, lakini nukta waliweka.

Ofisi ilikuwa na vyumba viwili, na mbingu na ardhi havikutengana zaidi. Chumba cha ndani kilikuwa na zulia, kiyoyozi, na ukimya wa kuweza kumsikia mbu akifikiri. Chumba cha mbele kilikuwa na dirisha kubwa lililokataa kufungwa tangu kufa kwa fundi wa mwisho aliyelielewa. Chini ya dirisha hilo ilikuwa karakana ya mageti. Huko vyuma vilikatwa, vikagongwa, vikaunganishwa, na kila kelele ilipanda juu moja kwa moja hadi kwenye sikio la Bi Nukta.

Usidhani wazee waliwekwa mbele kwa makusudi. Makusudi yanahitaji kufikiri, na Mkuu wa Kitengo hakuwa mtu wa kujichosha hivyo. Alikuwa na daftari. Katika daftari hilo kila kifaa kiliandikwa jina la mtu, na kanuni ilikuwa moja: kifaa na mwenyewe hawatenganishwi hadi mwenyewe astaafu. Ukiajiriwa, unapewa kompyuta ya mwaka ule, kibodi ya mwaka ule, na kiti kilichopo chumba chenye nafasi. Walioajiriwa zamani walipewa vya zamani wakabaki navyo. Walioajiriwa juzi walipewa vya juzi na chumba kipya kilichojengwa juzi. Ndoa za siku hizi huvunjika kwa chumvi kuzidi kwenye mchuzi, lakini Bi Nukta na kompyuta aliyopewa taipureta zilipoondolewa walikuwa na miaka kumi na mitano bila talaka.

Na ilikuwa ndoa ya mateso. Herufi A kwenye kibodi yake ilikuwa imekufa ganzi. Ukiigusa kistaarabu haiandiki kitu. Sharti uikandamize kama unayebandika muhuri. Sasa jaribu kuandika sentensi moja ya lugha hii yetu bila A, halafu uje unieleze umefika wapi. Miaka sita mfululizo alijaza fomu ya kuomba kibodi nyingine, na miaka sita Mkuu alimjibu kwa sauti ya asali: "Mama yangu, linashughulikiwa." Hedifoni nazo zilikuwa zimefungwa kwa utepe mweusi, na upande mmoja tu ndio uliosema, wa kulia. Sikio zima la Bi Nukta lilikuwa la kushoto. Basi alizivaa kinyumenyume, waya ukimpita mbele ya pua kama hatamu ya punda.

Alifanyaje kazi hivyo? Kwa akili, kitu ambacho hakikuandikwa kwenye daftari. Aliijua karakana kama anavyojua mapigo ya moyo wake mwenyewe, bila saa ya mkononi. Kuanzia saa tatu hadi saa nne asubuhi mafundi hukata vyuma, na hapo husikii hata dhambi zako. Saa nne hunywa chai. Kuanzia saa nne na nusu hadi saa saba huunganisha kwa umeme, na kelele yake ni mchirizo mdogo kama wa mafuta kikaangoni. Alasiri hugonga. Kwa hiyo kila asubuhi Bi Nukta alizipanga rekodi zake kwa sauti za watu. Mawakili wanaonguruma na mashahidi wenye hasira aliwaandika wakati wa kukata. Wanong'onaji, wenye kwikwi, wenye kikohozi na wale wanaosema wakiwa wameinamisha kichwa aliwangoja mpaka chuma kilipoanza kuunganishwa. Kwa mpango huo alimaliza kazi ya siku kila siku, na kurasa zake hazikurudishwa na hakimu hata mmoja.

Bwana Asilimia hakuuliza hayo. Angeuliza vipi, na majibu alikuja nayo mkobani?

Jumanne, saa tatu kamili asubuhi, alimgawia kila mchapaji rekodi moja ileile. "Kila mtu abaki kwenye meza yake aliyoizoea," alisema. "Hiyo ndiyo haki." Nusu saa. Shahidi katika rekodi alikuwa babu mwenye pumu aliyekuwa akieleza mpaka wa mashamba mawili, kila neno akilivuta kama ndoo kutoka kisimani.

Chini ya dirisha, mafundi walikuwa wakikata chuma cha geti la ghala.

Bi Nukta alibana hedifoni kwa bega. Akasikia "mimi", akasikia chuma, akasikia "mti", akasikia chuma. Akarudisha nyuma. Akarudisha tena. A ikagoma, akaikandamiza, ikagoma, akaipiga ngumi ndogo. Jirani yake wa kulia, baba mmoja mpole mwenye miaka hamsini na mitatu, alikuwa ameziba sikio moja kwa kidole na kuchapa kwa mkono uliobaki. Nusu saa ilipokwisha Bi Nukta alitazama skrini yake na kuona vishimo kumi na kimoja vya "haisikiki". Katika miaka thelathini na mmoja hakuwahi kuzidisha viwili.

Jumatano alasiri walikusanywa. Bwana Asilimia alikuwa amebandika ukutani mchoro mkubwa. Chini, kutoka kushoto kwenda kulia, aliandika umri. Pembeni, kutoka chini kwenda juu, maneno kwa dakika. Kila mchapaji alikuwa kidoa, na katikati ya vidoa ulipita mstari mwekundu ulioteremka kama paa la kibanda. Juu kabisa kushoto alikuwa Chiriku, binti wa miaka ishirini na minne wa chumba cha ndani, aliyeitwa hivyo kwa kuwa mdomo na vidole vyake havikujua kupumzika: maneno arobaini. Chini kabisa kulia, peke yake kama mwenye ukoma, alikuwa Bi Nukta: maneno kumi na manne.

"Mnaona wenyewe," Bwana Asilimia alisema kwa huruma ya mganga anayejua bei yake. "Kila mwaka unaoongezeka unakula robo tatu ya neno. Si uvivu, mama zangu. Ni ubongo. Ubongo unachoka, sikio linachoka, kidole kinachoka. Sayansi haina adabu lakini haisemi uongo."

Mkuu wa Kitengo akakohoa. Zamani Bi Nukta ndiye aliyemfundisha kuingiza karatasi kwenye taipureta bila kuichana, na hata hapo aliichana. "Watano wa mwisho," alisema akiitazama kalamu yake, "watahamishiwa stoo ya majalada. Orodha naitia sahihi Ijumaa. Jamani, ni heshima. Mtapumzika."

Wote waliijua stoo. Ilikuwa chini ya ngazi, haina dirisha, na kazi yake ilikuwa kungoja mtu aje kuomba jalada. Mzee mmoja alipelekwa huko mwaka uliopita, mchapaji hodari wa watu. Siku hizi ukimsalimia anachukua muda kukumbuka kwamba anasalimiwa yeye. Aliyeingia stoo alikuwa anageuka jalada.

Bi Nukta alihesabu kichwani. Alikuwa amebakiza miaka miwili, na siku zote alijua jinsi atakavyotoka: mchana, kwa mlango wa mbele, vidole vikiwa bado vina moto wa kazi. Sasa alikuwa anaoneshwa ngazi za kushuka.

Nyumbani binti yake alimsikiliza huku akipanga sahani kabatini.

"Mama, si ukubali tu? Umechoka. Na huko stoo kuna kimya."

"Kaburini pia kuna kimya. Mbona hunipeleki?"

"Ndiyo hayo sasa. Mimi nakuhurumia, wewe unanichamba."

"Usinihurumie, nijibu." Bi Nukta aliivuta karatasi ya bahasha, akachora paa la kibanda la Bwana Asilimia, akaweka vidoa. "Huyu miaka ishirini na minne, amekaa wapi? Ndani. Huyu ishirini na saba? Ndani. Thelathini na mmoja? Ndani. Huyu hamsini na tatu? Mbele. Mimi?"

Binti alisogea akaangalia, sahani mkononi. "Mbele." Akavipitia vidoa tena kwa kidole. "Kwa hiyo hakupima umri. Amepima dirisha."

"Nilijua sikukulea bure."

"Lakini mama..." Binti aliiweka sahani chini. "Usinikasirikie. Una uhakika gani kwamba yote ni dirisha? Ukikaa ndani na bado ukashindwa, utashuka stoo bila hata kisingizio."

Hilo swali lilimchoma, kwa sababu lilikuwa la kweli. Jioni ile nzima Bi Nukta aliketi akichapa hewani juu ya goti lake, akijisikiliza kama kidole cha kati bado kinamtii.

Alhamisi asubuhi, kabla ya kupanda ofisini, alipitia karakana. Fundi wa mageti, mtu wa mabega mapana na moyo wa pamba, alikuwa akivaa glavu.

"Shikamoo, mama. Leo umetushukia?"

"Marahaba. Leo saa tatu mtakata?"

"Tunakata ndiyo, lile geti la ghala halijaisha. Kwani tunakukera? Niambie, mama, nusu saa ya kungoja hainiui."

"Ole wako ungoje! Kata kama unavyokata kila siku. Usipunguze, usiongeze hata cheche moja."

Fundi alimtazama kama mtu aliyeombwa kumwagia jirani maji kwa adabu. "Haya, mama. Kelele ya kawaida, bila nyongeza."

Saa mbili na nusu Bi Nukta aliingia chumba cha mbele. Bwana Asilimia alikuwa akiukunja mchoro wake kwa uangalifu wa mtu anayekunja bendera, Mkuu akiwa kando yake. Wachapaji wa vyumba vyote viwili walikuwa wakijivutavuta kabla ya kazi.

"Mwanangu," Bi Nukta alimwita, na ofisi ikatulia. "Umepima nini?"

"Umri dhidi ya utendaji, mama."

"Na meza?"

"Meza nimeziacha kama zilivyo. Kila mtu kwake. Hiyo ndiyo haki."

"Ukimpima mbio mwenye miguu miwili na mwenye mguu kwenye shimo, kila mtu pale alipozoea kusimama, hiyo nayo haki?"

Mtu mmoja nyuma alicheka kupitia puani. Bwana Asilimia alitabasamu tabasamu la kumstahi bibi. "Mama, mstari uko wazi. Mtu wa umri wangu, miaka ishirini na tisa, ukimweka popote atapata maneno thelathini na sita au saba. Umri ni umri."

"Popote?"

"Popote."

"Hata pale?" Bi Nukta alinyoosha kidole kwenye meza ya dirishani. "Basi keti. Mimi niketi kwa Chiriku. Saa tatu, nusu saa, yule babu wa pumu siku yake ya pili ya ushahidi. Hiyo rekodi hakuna aliyeiandika."

Mkuu aliruka kama aliyekalia mwiba. "Hapana, hapana, mama yangu. Kanuni! Daftari linasema kifaa hakihamishwi. Kuhamisha kifaa kuna fomu, na fomu inakwenda makao makuu—"

"Sihamishi kifaa. Daftari linasema mashine zisihame. Halisemi makalio yasihame."

Ofisi ilipasuka. Chiriku alipiga kofi mezani. "Mkuu, hapo huna pa kushika! Bi Nukta, karibu kwangu, kiti nimekipasha joto."

Mkuu alimtazama Bwana Asilimia kwa macho ya kuomba msaada. Lakini Bwana Asilimia alikuwa na kiburi, na kiburi kikitekenywa hadharani hakijui kukataa. Alivua koti, akaliweka juu ya kiti. "Kwa faida ya sayansi," alisema.

Saa tatu kamili Chiriku alibonyeza saa ya simu yake.

Bi Nukta alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa raha. Kiti kilimmeza. Hedifoni laini zilimfunika masikio yote mawili, na ukimya ukamwangukia kama blanketi lililolowa; akaisikia pumzi yake, akaisikia hata njaa yake. Babu akaanza kusema, karibu na wazi kama amekaa mapajani mwake, na Bi Nukta akachapa neno la kwanza. Kidole chake cha miaka sita ya ugomvi kikaikandamiza A. Skrini ikajaa A kama msiba ulioingia mlangoni. Akafuta. Akachapa. Safu nyingine. Kila A aliigusa kama adui, na kila A ilimjibu kwa ukelele mrefu. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Jasho lilimtoka chini ya kiyoyozi. Alimwona Chiriku akitazama pembeni kwa aibu ya kumstahi, na swali la binti yake likamrudia: na kama si dirisha?

Akavinyanyua vidole vyote kumi. Akavitikisa. "Nyie," aliviambia kimoyomoyo, "vita vimekwisha, hakuna aliyewaambia?" Akaanza upya, akiigusa A kama mtu anayegusa paji la mtoto mwenye homa. Ikaandika moja. Akaigusa tena. Moja. Babu akavuta pumzi kutoka kisimani mwake, na Bi Nukta akamngoja, kwa maana alimjua. Wazee wa pumu huvuta hewa pale hasa wanapotaka kusema jambo zito. Kisha mpaka ukatamkwa, mti kwa mti, jiwe kwa jiwe, na vidole vikaenda.

Chumba cha mbele mambo yalikuwa mengine. Bwana Asilimia aliketi, akazivaa hedifoni kama watu wote wanavyovaa, akakuta upande mmoja bubu. Akazigeuza, waya ukampiga puani. Chini, geti la ghala likaanza kukatwa, kelele ya kawaida bila nyongeza. Akaruka. Akaongeza sauti hadi mwisho. Sasa babu alikuwa anapiga kelele pamoja na chuma, na hakuna aliyeeleweka. Akaanza kuchapa kwa vidole vyake vilivyonyooka. Baada ya dakika tano aliinua macho kwenye skrini na kukuta sentensi isiyo na A hata moja, konsonanti zimegandamana kama watu kwenye foleni ya bomba. Akairudia. Akaibonyeza A kwa kidole gumba. Akaibonyeza kwa kalamu. Yule baba mpole wa jirani alimwinamia akamwambia kwa upole wa kweli, "Ipige ngumi, kijana. Lakini si kwa hasira. Inajua."

"Kazi haiwezekani hivi!" Bwana Asilimia alipiga kelele.

"Usiongee, dakika zinakwenda," alisema baba mpole, akaziba sikio lake akaendelea na kazi yake.

Saa tatu na nusu Chiriku alipiga mluzi, wote wakakusanyika chumba cha mbele; chini, mafundi walikuwa wamesitisha kukata ili walipime geti. Mkuu mwenyewe alihesabu, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeruhusiwa kugusa matokeo, na alihesabu mara mbili huku uso ukizidi kurefuka.

"Bi Nukta... maneno thelathini na moja kwa dakika. Haisikiki..." alitafuta, "hakuna." Akahamia hesabu ya pili. "Mtaalamu wetu... maneno matatu."

Bi Nukta aliuchukua mchoro mezani, akaukunjua, akaushikilia ukutani kwa kiganja. Kwa kidole cha mkono wa pili aliufuata mstari mwekundu ukiteremka: miaka ishirini na minne, hamsini na minane, kisha ukatoka kwenye karatasi, akaendelea nao ukutani, kwenye rangi iliyobambuka, hadi ulipofika maneno matatu.

"Hapa," alisema. "Kwa mstari wako mwenyewe, mtu wa maneno matatu ana miaka sabini na miwili." Akamgeukia, akainamisha kichwa kidogo, kwa adabu zote alizofundishwa na mama yake. "Shikamoo."

Na Bwana Asilimia, ambaye alikuwa amelelewa vizuri kabla ya kusomeshwa vibaya, alijibu kabla ya kufikiri: "Marahaba."

Kilichofuata hakikuwa kicheko. Ilikuwa mvua ya mawe. Chiriku alikaa sakafuni. Baba mpole alivua miwani akajifuta machozi. Hata Mkuu aligeukia kabati akajifanya anatafuta faili, mabega yakimtetemeka.

Bi Nukta peke yake hakucheka. Alingoja wamalize, kisha akasema kwa sauti ya kawaida: "Sasa nisikilize, mwanangu, usije ukatoka hapa na uongo wa pili. Chiriku ana arobaini, mimi thelathini na moja, kiti kilekile, kimya kilekile. Tisa yamepotea. Hayo tisa ni yangu na Mungu wangu, nimeyazeekea, siyakatai. Lakini jana ulinipunguzia ishirini na sita. Kumi na saba yaliyobaki si ya ubongo wangu. Ni ya dirisha, ya hedifoni, na ya hiyo A. Yaandike jina la mwenyewe."

Bwana Asilimia alivaa koti lake. Shingo yake ilikuwa imelowa. "Nitaongeza tanbihi kwenye ripoti," alisema.

Tanbihi! Watu watano walikuwa wamechimbiwa shimo, na yeye anawaongezea maandishi madogo chini ya ukurasa. Lakini aliiandika palepale, Bi Nukta akiwa amemsimamia begani, na alipomaliza aliambiwa amesahau nukta.

Orodha ya stoo haikutiwa sahihi Ijumaa. Mkuu aliichana, na safari hii alikusudia kuchana. Kisha, kama walivyo wakuu, akapendekeza kamati ya kuchunguza suala la dirisha.

"Kamati iundwe, Mungu aibariki," Bi Nukta alimwambia. "Ila kuanzia Jumatatu, kila asubuhi hadi saa nne, mwenye rekodi ya mnong'onaji anakaa ndani, mwenye rekodi ya wakili anakaa mbele. Awe na miaka ishirini, awe na sitini. Mashine hazihami."

"Makalio tu," alisema Mkuu, akiwa ameshindwa.

"Makalio tu."

Chiriku aliacha kucheka. "Ngoja kwanza. Ina maana Jumatatu mimi naweza kukaa pale? Na ile A?"

Ijumaa hiyohiyo, kabla ya chai ya saa nne, kibodi mpya iliwekwa kwenye meza ya dirishani, na hedifoni mpya juu yake, bado kwenye maboksi. Kilichoombwa kwa fomu sita kwa miaka sita kilipatikana kwa siku moja, mara tu ilipofahamika kwamba kitaguswa na vidole vya miaka ishirini na minne. Mkuu alisema, "Mnaona, lilikuwa linashughulikiwa."

Bi Nukta alizitoa hedifoni kwenye boksi. Saa nne na nusu, mchirizo wa umeme ulipoanza kule chini, aliifungua rekodi ya Jumanne, ile ya vishimo kumi na kimoja, akazivaa hedifoni upande ulio sawa. Babu akavuta pumzi. Kidole kikashuka kwa mazoea yake ya zamani, na A mpya ikatoa safu nzima.

"Polepole, mshamba wewe," alikiambia kidole, akafuta, akaanza upya.